Ratiba ya Ramadhani kwenye tivii ya umma: maswali ninayoulizwa dukani kila mwaka

Ikishapita nusu ya Shaaban, duka langu la hapa Chake Chake, Pemba, huwa si la kutengeneza tivii tena, huwa ofisi ya habari. Mtu huja na rimoti iliyoingia maji, akaondoka na majawabu ya ratiba ya mwezi mzima, na rimoti akaisahau juu ya meza. Basi nimeyaandika. Ninaposema tivii ya umma nakusudia ZBC, yaani Shirika la Utangazaji Zanzibar. Mimi si mfanyakazi wao, ni fundi na mtazamaji, kwa hiyo ukiona nimelalamika, nimelalamika kama mtazamaji.

## Mambo ya mwanzo

Ratiba ya Ramadhani inaanza tarehe ngapi?

Inaanza mwezi ukiandama, basi. Ratiba ya miezi mingine hupangwa kwa kalenda ya ukutani, lakini hii ina siku ya kwanza isiyojulikana mpaka usiku wenyewe. Jioni ya tarehe 29 Shaaban, baada ya magharibi, watu hukaa mbele ya kioo kusubiri tangazo la Ofisi ya Mufti. Ukitangazwa umeonekana, usiku huo huo ni wa tarawehe na vipindi hugeuka. Usipoonekana, Shaaban hutimia siku 30 na ratiba ya kawaida hubaki siku moja zaidi.

Ndiyo maana waandaaji huwa na ratiba mbili mkononi kwa siku ile moja. Anayekwambia wiki mbili kabla kwamba "kipindi fulani kinaanza Jumatano" anakisia.

Kwa nini ratiba yenyewe imeandikwa "baada ya magharibi" na haisemi saa?

Kwa sababu saa ingekuwa uongo. Magharibi ya siku ya kwanza ya kufunga si ya siku ya mwisho. Jua linahama kidogo kidogo, na kwa mwezi mzima linaweza kuhama dakika kumi na zaidi. Kipindi cha mawaidha kilichopangwa kumalizika kwa adhana lazima kirefuke au kifupike kulifuata jua. Mwenye kusoma ratiba ya Ramadhani aanze na nyakati za sala, kisha ndio aangalie saa.

Na usisahau kwamba mwezi wenyewe hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2030 utaona ajabu: Ramadhani itaanza mara mbili, mapema Januari na tena mwisho wa Disemba. Ratiba uliyoihifadhi ya mwaka jana haikusaidii kitu.

Tamthilia yangu imekwenda wapi?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na wanaouliza sana ni kina baba, ijapokuwa husema "nimetumwa na mama watoto". Mwezi huu tamthilia za mapenzi na muziki wa dansi hupumzishwa. Mahali pake huingia Qur'ani, mawaidha ya masheikh, maswali na majawabu ya fiqhi, kasida, na vipindi vya historia ya dini. Ikifika tarehe 17 utasikia habari za vita vya Badr, na kumi la mwisho maneno yote ni Lailatul Qadri na itikafu.

Haijafutwa, imesimama. Kwa kawaida hurudi baada ya sikukuu, pale pale ilipokatikia. Mimi naona ni adabu nzuri, ila wangeandika chini ya kioo siku ya mwisho "itaendelea baada ya Eid", nusu ya wanaokuja dukani wasingekuja.

ZBC ndiyo TVZ ile ile?

Ndiyo. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati Bara hawana tivii yoyote. Wao walisubiri mpaka 1994 kupata vituo vya watu binafsi, na mpaka 2000 kupata cha serikali. Wazee wa Dar es Salaam watakusimulia antena zao ndefu zilizoelekezwa Unguja. Mwaka 2013 TVZ na redio ya Sauti ya Tanzania Zanzibar ziliunganishwa zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ndilo hilo ZBC. Ukimsikia mzee anasema "fungua TVZ", mfungulie tu, usimsahihishe.

## Adhana na saa ya kufuturu

Adhana ya kwenye tivii ni ya Unguja au ya Pemba?

Chukulia ni ya Unguja mjini mpaka usikie imetajwa vyengine. Hapa ndipo penye mambo, kwa hiyo nivumilie.

Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja. Chake Chake iko mashariki ya Mjini kwa nusu digrii na kidogo, na dunia hulimaliza digrii moja kwa dakika nne. Hesabu yake ni dakika mbili na ushei. Maana yake, jua la Pemba huzama mwanzo. Muadhini wa Unguja anapotoa sauti kwenye tivii, hapa Chake jua limeshazama dakika mbili nyuma.

Basi nikiwa Pemba nifuturu kwa adhana ya tivii?

Ukifuturu nayo hujaharibu kitu, umechelewa tu. Kilichopendekezwa ni kuharakisha kufuturu wakati ukishaingia, kwa hiyo adhana ya msikiti wa mtaani kwako ndiyo ya kufuata. Mama mmoja aliniambia yeye hungojea tivii "kwa uhakika". Nikamwambia, uhakika wako umekaa ng'ambo ya bahari, na tende iko mkononi kwako.

Na daku je? Nile mpaka adhana ya alfajiri ya kwenye tivii?

Hapa sasa sikiliza vizuri, maana mambo yanageuka. Ikiwa jua la Pemba huzama mwanzo, na alfajiri yake pia huingia mwanzo. Mtu wa Wete au Micheweni anayeendelea kula akisubiri muadhini wa Unguja anakula baada ya alfajiri ya kwao kuingia. Jioni ukiifuata tivii unachelewa kufungua tu. Alfajiri ukiifuata unaihatarisha saumu yako.

Kwa hiyo mimi nawaambia wote: jioni tivii haina neno, alfajiri izime. Shika karatasi ya nyakati ya msikitini kwako, na ujiwekee dakika chache za tahadhari. Hukumu ya mtu aliyekwisha kula kwa kutojua, kamuulize sheikh, usiniulize fundi.

Tofauti hiyo ni dakika mbili mwaka mzima?

La. Dakika mbili na kitu ni ya miezi ya Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Ramadhani ikiangukia Juni, tofauti ya magharibi baina ya visiwa viwili hupungua ikawa haifiki dakika, lakini ya asubuhi huongezeka ikakaribia nne. Ikiangukia Disemba huwa kinyume chake: jioni ndio karibu dakika nne, asubuhi hazifiki moja. Sababu ni kwamba Pemba iko karibu zaidi na ikweta, kwa hiyo siku zake hazirefuki wala hazifupiki sawasawa na za Unguja.

Naangalia kwenye simu, mbona adhana inanifikia majirani wameshakunywa uji?

Matangazo ya intaneti hukusanywa kwanza ndipo yakaletwa kwenye simu, na hapo hupotea nusu dakika, pengine dakika nzima mtandao ukiwa mzito. Ya dishi nayo huchelewa kidogo, kwa sekunde, kwa sababu hupanda kwenye setilaiti kiasi cha kilomita 36,000 juu kisha ikashuka, na king'amuzi nacho hutaka muda wa kuifungua picha. Weka dakika ya simu juu ya zile mbili za swali la Unguja na Pemba, utaelewa kwa nini uji wako unapoa.

## Vipindi vyenyewe

Taarifa ya habari inagongana na tarawehe. Kuna namna?

Inagongana, na kila mwaka watu hulalamika. Isha huingia kiasi cha saa moja na robo baada ya magharibi, tarawehe ikafuata, na mwenye kusali zote pamoja na witri hawahi kurudi kusikia habari za saa 2 usiku. Kuna watakaokwambia habari zihamishwe. Mimi siungi mkono: kuna wagonjwa, wazee, kina mama wenye watoto wachanga, na wapo wasiokuwa Waislamu, hao wote wako nyumbani saa ile. Anayetoka msikitini asubiri marudio ya usiku, au afungue redio asubuhi akichambua mbaazi.

Vipindi vya mapishi ya futari vinakuwa lini?

Alasiri, kabla ya kuingia jikoni, na ndivyo inavyotakiwa. Kipindi cha mapishi kikiwekwa saa 12 jioni hakimfai mtu: mpishi yuko motoni na wengine wanaona njaa.

Lalamiko langu ni moja tu, na nililiona kwenye chaneli nyingi, si moja. Wanatuonesha vyakula vya oveni na jibini. Futari ya nyumba ya Pemba ni muhogo, majimbi, ndizi mbichi za nazi, tambi, samaki, uji wa pilipili manga, na kaimati za kushushia. Jimbi lina ufundi wake, likipikwa vibaya linawasha koo mpaka daku. Hilo ndilo la kufundisha.

Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yanaoneshwa?

Ndiyo, na kwa watu wengi hiki ndicho kipindi cha mwezi. Hatua za mwanzo mara nyingi hurikodiwa, fainali ndizo za moja kwa moja. Kama mwanao au mtoto wa jirani anashiriki, usitegemee ratiba iliyobandikwa. Muulize ustadhi wa madrasa, yeye huambiwa mwanzo. Na ukae tangu mwanzo wa kipindi, kwani mpangilio wa washiriki hubadilika hapo hapo ukumbini.

Mpira?

Mchana usitarajie mengi. Ya usiku baada ya tarawehe, angalia tangazo la siku ile ile.

Na Baraza la Wawakilishi?

Likiwa na kikao, matangazo ya kutoka Chukwani huchukua nafasi yake na vipindi vya asubuhi husogea. Usidhani ratiba imekosewa.

## Kuipata chaneli

Chaneli ilikuwepo juzi, leo haipo. Nimefungiwa?

Mara tisa katika kumi hujafungiwa. King'amuzi kimepoteza orodha au masafa yamebadilishwa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta usakaji wa chaneli, uanzishe upya, kisha usubiri mpaka imalize. Watu huizima katikati. Ikishindikana, angalia waya nyuma ya king'amuzi. Nimepokea pesa ya watu wengi kwa kazi ya kukaza waya, na huona haya kuichukua, lakini naichukua.

Fanya haya wiki moja kabla ya mwezi. Siku ya kwanza ya mfungo saa 11 jioni mimi niko kwangu nakuna nazi.

Picha inaganda mvua ikinyesha. Tatizo la kituo?

Si la kituo. Mvua nzito huinyonya nguvu ya mawimbi ya dishi kabla hayajafika kwako. Ramadhani ikikutana na masika, kuanzia Machi, ndiyo utaliona sana. Dishi lililopindwa kidogo na upepo hustahimili wakati wa jua, mvua ikija ndio hujulikana.

Kwa wenye antena, adui ni mwengine. Pemba ni vilima na mabonde, na mkarafuu ukikua vizuri hupita paa la nyumba. Nyumba ya bondeni nyuma ya shamba la mikarafuu haitapata picha nzuri mpaka antena ipandishwe juu. Zamani, kabla ya dijitali, ungeona chenga lakini sauti ukasikia. Sasa hakuna katikati: ama picha safi, ama kioo cheusi.

Umeme ukikatika magharibi?

Redio ya betri. ZBC ina redio yake, na adhana hutoka huko pia. Pemba tangu 2010 tunatumia umeme unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hali si ile ya zamani ya majenereta. Lakini wa Unguja waulize miezi ile mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009, watakwambia thamani ya redio ndogo na mawe mawili ya betri.

## Sikukuu na mambo yasiyo ya kawaida

Siku ya 30 imepangiwa vipindi vya Ramadhani, na hapo hapo imeandikwa Eid. Ipi kweli?

Zote, mpaka usiku wa kuamkia siku ile. Ni ile ile hadithi ya ratiba mbili niliyoieleza kwenye swali la kwanza, ila safari hii jikoni pia kuna ratiba mbili: mama hajui aloweke mchele wa biriani au achambue kunde za futari. Tangazo likichelewa, hukaa sana. Usizime tivii kwa sababu saa 2 imepita bila habari. Ripoti za waliouona hutoka sehemu mbali mbali na lazima zihakikishwe.

Sisi tulianza kufunga siku moja kabla. Mbona hesabu ya tivii haiwi yetu?

Tivii ya umma hufuata tangazo la Mufti wa Zanzibar. Wanaofuata mwandamo wa nchi nyengine wataona tarehe 17 ya kwao tivii inasema 16, na huenda wakasali Eid wakati kituo bado kinasoma mawaidha ya kumi la mwisho. Hili ni jambo la miaka mingi, na nyumba moja inaweza kuwa na wawili wasiolingana. Kituo hakiwezi kuhesabu siku mbili. Dukani kwangu nimeliwekea sharti: tunatengeneza tivii, hatujadiliani mwezi.

Baraza la Eid ni saa ngapi?

Asubuhi huoneshwa sala ya Eid ya kitaifa. Baraza lenyewe, ambapo Rais wa Zanzibar huwahutubia wananchi, huwa mchana wa siku hiyo hiyo, mara nyingi alasiri, na hurushwa moja kwa moja. Pahala pa kufanyia hubadilika mwaka kwa mwaka. Wanaosubiri tangazo lolote la serikali wakae hotuba nzima, kwani mazito hayaji mwanzoni.

Taarab inarudi lini?

Usiku wa Eid mosi. Mwezi mzima vinanda vimekaa kimya, na vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza 1905, na Culture, cha 1958, sikukuu ndio msimu wao. Kwetu sikukuu ni siku nne, kwa hiyo ukikosa siku ya kwanza usilie. Watoto hutawaona mbele ya tivii siku hizo. Wako Tibirinzi wakipanda pembea, na kwa Unguja wako Kariakoo na Mnazi Mmoja.

Ratiba imepanguka ghafla, Qur'ani tupu mchana kutwa. Kuna nini?

Sikiliza taarifa, huenda kuna msiba wa taifa. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani iingie, na watu walifuatilia mazishi yake ya Mangapwani badala ya vipindi walivyovizoea. Kuna pia tarehe 7 Aprili, kumbukumbu ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972. Mwaka 2022, 2023 na 2024 siku hiyo iliangukia ndani ya mfungo, na dua ya Kisiwandui ikawa mbele ya kila kitu asubuhi ile.

Nataka kurikodi fainali ya Qur'ani kwenye flashi, mtoto wangu yumo. Nifanyeje?

Ving'amuzi vingi vina tundu la flashi na kitufe cha kurikodi. Tumia flashi tupu, maana baadhi ya ving'amuzi huifuta yote kwanza bila kukuuliza mara mbili. Mtu mmoja alipoteza picha za harusi ya dada yake hivyo, na sura yake siisahau. Jaribu siku moja kabla kwa dakika tano, kisha uicheze uhakikishe sauti imo. Usiweke saa ya kumaliza ile iliyoandikwa kwenye ratiba, kwa sababu fainali hazimalizi kwa wakati: ongeza nusu saa, na kama mgeni rasmi atatoa nasaha, ongeza saa nzima.